Kiatu cha Malkia

Bi Hester Tranter alikuwa amelalia mguu wa sanamu ya malkia, mikono yote miwili imefunika ncha ya kiatu, wala hakujali mvua iliyokuwa inampiga mgongoni.

"Lori limeshafika?" aliuliza tena.

"Bado, Bi Hester," alijibu meya, Bwana Pym, akimfunika kwa mwavuli wake. "Inuka basi, utaugua."

"Mbona linachelewa?"

Mji mzima wa Aldersby ulijua lori linafuata nini. Serikali ilitaka shaba ya kutengenezea silaha, na malkia alikuwa shaba tupu toka tajini hadi miguuni. Alisimama pale uwanjani tangu enzi za babu zao, ingawa alipokuwa hai hakuwahi kukanyaga mji huo hata siku moja. Watu walimpita bila kumtazama. Kisha ikaja ile vita ya kwanza, na mwoka mikate mmoja akamsugua kiatu kwa mzaha kabla ya kupanda treni. Akarudi mzima. Tangu hapo vijana waliokwenda vitani walipanga foleni kukigusa. Malkia mwili mzima alikuwa mweusi kwa moshi wa makaa, lakini ncha ya kiatu chake iling'aa kama kijiko kipya.

Siku hiyo vijana wengine walikuwa wanaondoka, akiwemo Wilf, kitindamimba wa Hester.

"Mwacheni mama wa watu," alisema mwanamke mmoja mwenye kikapu. "Amepoteza wawili. Cyril na Leonard waliondoka kimyakimya, hakuna aliyewaona wakigusa kiatu. Yaliyowapata si mnayajua?"

Kina mama wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto huko vitani, na kila mtoto alikuwa amegusa. Hester akawatazama, akafumbua mdomo, kisha akaufumba.

Wilf akaja na mfuko wake begani, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama, nyanyuka bwana. Wenzangu wananicheka. Wanasema kumbe malkia ni bibi yangu."

"Wahi stesheni, mwanangu. Mimi sitoki hapa."

"Nikuache umelala kwenye mvua? Siendi."

"Wilf, nakuomba. Nenda!"

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuomba. Mlio wa lori likipanda kilima cha soko ukasikika, na Hester akainua kichwa, machozi yanamtiririka.

Bwana Pym hakuweza kuvumilia. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutii amri, lakini hii ilimshinda. Alitupa mwavuli, akakimbia hadi katikati ya barabara na kunyoosha mikono. Akabishana na dereva kwa muda. Mwishowe lori likageuza, likashuka kilima lilikotoka.

"Nimelirudisha!" alipiga kelele akirudi mbio, amelowa chapachapa. "Shaba watatafuta kwingine. Malkia habanduki!"

Uwanja mzima ukashangilia. Hester akaachia yowe. Wanawake wawili wakamnyanyua taratibu kutoka kwenye kile kiatu na kumkumbatia, nao wakilia; alipofurukuta, wakazidi kumkumbatia. Alisema kitu, lakini kwa vifijo vile hakuna aliyemsikia.

Wilf akavua kofia, akainama, akaweka kiganja juu ya ile ncha inayong'aa.

"Haya, mama," alisema akitabasamu. "Nimegusa. Furahi basi."

Kiganja chake kilitua pale pale ambapo Hester mwenyewe alikiweka cha Cyril, na baadaye cha Leonard, kila mmoja na alfajiri yake, kabla mji haujaamka.