Vali Namba Saba

"Mnaona?" Mhandisi Lachlan Prowse aliipapasa ile vali kama mnunuzi anayepapasa ng'ombe mnadani. "Miaka kumi na miwili. Haijatengenezwa hata mara moja. Hata moja!"

Nyuma yake walisimama mafundi watatu. Mmoja wao, Dusko, ambaye kwa kawaida huongea hata akiwa na pai mdomoni, alikuwa anatazama viatu vyake.

Prowse alikuwa amefika mgodi wa Bardoona wiki ile kutoka makao makuu ya Perth, na kofia isiyo na mkwaruzo na kompyuta iliyojaa majedwali. Siku ya kwanza alionyeshwa filamu ya usalama kama mgeni yeyote, ile ya nyoka, kofia na makufuli mekundu. Aliisikiliza kwa sikio moja, maana la pili lilikuwa kwenye simu. Mtu ana shughuli zake bwana, tusimlaumu.

Shida iliyomleta ilikuwa ya kweli. Ukishasaga mwamba na kutoa dhahabu, kinachobaki ni tope zito lenye mchanga mkali, nalo husukumwa kwenye mabomba hadi bwawani. Tope hilo lilikuwa linazitafuna vali za Bardoona. Vali za kisu, zinazofunga kwa kushusha bamba la chuma, hazikumaliza wiki sita kabla mchanga haujajazana chini ya kisu zikakataa kufunga. Za tufe, zinazofunga kwa kuzungusha tufe la chuma, ziliganda kabisa. Mafundi walizibua, wakabadilisha, wakazibua tena, na makao makuu yalikuwa yamewachoka.

"Namba saba ndiyo jibu," Prowse alisema. "Tunaagiza arobaini za aina hii hii. Zikishawekwa, sioni kazi ya mafundi kumi na mmoja. Wawili wanatosha."

Noelene Trezise, fundi mkuu mwenye miaka ishirini na sita pale mgodini, akakohoa.

"Bosi, hiyo ni vali ya maji safi."

"Rekodi zinasema vingine, mama."

"Tope letu linataka vali ya mpira. Ndani haina kisu wala tufe, ni shingo ya mpira tu. Ukitaka kufunga, unaibana. Mchanga unakosa pa kujificha. Mpira ukichakaa, unabadilisha mpira peke yake, saa moja umemaliza."

"Ahaa." Prowse alitabasamu kwa huruma. "Na huo mpira atakuwa anaubadilisha nani? Ninyi, sivyo?"

"Sio hivyo, bosi. Hiyo namba saba kuna jambo..."

"Noelene, mimi nafuata takwimu. Hadithi za mafundi nimezisikia migodi sita."

Basi. Msomi akishataja takwimu, wewe mwenye spana utasema nini?

Prowse aligonga kufuli jekundu lililoning'inia kwenye usukani wa vali, pamoja na kadi yake ya plastiki iliyofunikwa na vumbi. "Halafu nimependa mlivyoiwekea kufuli. Kitu chema hulindwa."

"Hiyo haifunguliwi ovyo, bosi," Dusko akasema, na papo hapo akashikwa na kikohozi.

Jioni ile Noelene alimwandikia mhandisi barua ya kurasa mbili. Jibu lilikuwa mstari mmoja, kwamba wanaoogopa mabadiliko hawakosi visingizio. Akaandika ya pili. Hiyo haikujibiwa kabisa. Alitukana mpaka kantini nzima ikaacha kula. Yeye alibakiza miaka miwili tu kustaafu, lakini Dusko alikuwa na mapacha wa miezi mitatu kule Kalgoorlie, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Vali arobaini zilifika mwezi wa nane, zinameremeta utadhani zinakwenda harusini. Mafundi waliziweka zote kwa wiki tatu, kwa adabu, kila boliti imekazwa inavyotakiwa. Ijumaa asubuhi tope likaachiliwa, Prowse akapiga picha. Mchana mafundi tisa walipewa barua za kuachishwa kazi, na keki. Keki ilikuwa nzuri, tusiseme uongo.

Sasa, Bardoona ina sheria moja ambayo haichezewi. Kila fundi ana makufuli yake yenye picha yake, na akishaliweka kufuli mahali, halitoi mwingine, awe meneja, awe nani. Kwa hiyo anayeondoka lazima ayakusanye yote kwanza. Walipanga foleni ofisini kwa Prowse kuyarudisha. Noelene alikuwa wa mwisho. Aliweka mawili mezani, akajipapasa mifukoni.

"Nisubiri, bosi. Kuna la tatu."

Alirudi baada ya nusu saa, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akaliweka mezani kufuli la tatu pamoja na kadi yake. Redio ya mezani ilikuwa inakwaruza: "Ofisi, namba tatu haitaki kufunga. Na namba tisa imeanza kuganda. Ofisi, mnanisikia?"

Prowse aliipunguza sauti. "Hili umelitoa wapi?"

"Namba saba."

"Kumbe ni lako?"

"Nililiweka mwenyewe, bosi. Nilitaka kukuambia."

Prowse akaifuta ile kadi kwa kidole gumba chake kisafi. Kwanza ilijitokeza picha ya Noelene, nywele zikiwa bado nyeusi. Kisha tarehe ya miaka kumi na miwili iliyopita. Chini kabisa, mwandiko wa fundi:

"USIFUNGUE. Wametuletea vali ya maji safi. Imefungwa tangu siku ilipowekwa, tope halijapita hapa hata tone. Tunasubiri makao makuu walete ya mpira."