Pointi Hazina Shemeji

"Mama, hata ukilala hapa, orodha ya timu ni ile ile," katibu wa chama cha mpira wa meza alisema kabla mama hajaketi.

Mama aliketi hivyo hivyo. Ngazi zilikuwa zimemmaliza na goti lilimpwita. Alichoka, maskini, mpaka hasira zenyewe zikakataa kupanda.

"Binti yangu anawafunga wanawake wote wanne mliowachagua," alisema. "Mmoja baada ya mwingine. Waulize wenyewe, kama hawaoni haya kusema kweli."

"Najua."

"Unajua, halafu unamwacha?"

Katibu alisugua macho. Feni ilizunguka kivivu juu ya kichwa chake bila kuleta upepo wa maana.

"Kocha alipokuwa anachagua kwa jicho, mlipiga kelele kwamba anapanga mashemeji zake. Haya, tukaleta pointi. Pointi hazina shemeji. Anayekwenda kwenye mashindano anazipata, asiyekwenda hapati. Binti yako alikuwa wapi mwaka mzima?"

"Nyumbani. Anamuuguza bibi yake."

"Kwani hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa na mgonjwa?"

Mama alitazama sakafu. "Alikuwepo. Kila wikiendi yuko safarini."

"Basi mlaumu huyo."

"Namlaumu," mama alisema. Msichana hakuwahi kunung'unika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa akifua shuka za bibi yake, anapika, kisha jioni anacheza dhidi ya ukuta, peke yake.

Mama akajikaza. "Huyo wa nne ni mtu mzima, pumzi hana. Akijitoa je?"

"Anaingia wa tano. Binti yako ni wa kumi na tatu. Ajitoe asijitoe, kwake ni yale yale."

"Mnyonge mnyongeni, katibu, lakini haki yake mpeni!"

"Lo, mama! Haki si ndiyo hiyo tumeibandika ukutani?" Hakusema kwa kejeli. Naye alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa akijibu watu hayo hayo.

Katibu aliinuka, akafungua kabati, akatoa jezi ya timu ya taifa ikiwa bado ndani ya mfuko wake. Akaiweka mapajani mwa mama.

"Ijaribu," alisema kwa upole. "Ikikubana nikubadilishie leo. Wewe wa nne na wenzako watatu mnasafiri kesho kutwa."