Doa la Sita

Asubuhi ya maonyesho ya chama cha wafuga kasuku, Bi Mwanasha alishika kibanio amnyonyoe kasuku wake mdogo manyoya yaliyozidi, yabaki madoa sita meusi shingoni, kama waamuzi wanavyotaka. Mkono ukateleza. Yakabaki matano.

"Shoga, kombe limepeperuka hilo," alisema Mishi, mfugaji mwenzake. "Chora doa la sita kwa wanja. Mwamuzi mwenyewe haoni vizuri."

"Mwenyezi Mungu aliyempaka rangi anaona."

"Basi watakucheka!"

"Nitacheka nao."

Mwanasha akapiga bismillahi, akalibeba tundu mpaka mezani. Mwamuzi aliinama, akahesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu. Kasuku akatutumua kifua, akainua kichwa, na madoa yake matano yakang'aa juani.