Diski Isiyoandikwa Kitu

Kwenye meza ya Yasini, mpiga muziki wa shughuli, upande wa kushoto santuri ilikuwa inazunguka, na watu wa Likunja wanacheza mchana kweupe kumfurahia mwari aliyetolewa ndani. Upande wa kulia Yasini akatia kwenye mashine ya CD diski isiyoandikwa kitu, aliyoikuta kwenye mfuko wa CD za mwenye shughuli. Akabana hedifoni sikioni, aionje kwanza.

Haikuwa taarabu. Walikuwa wanawake wa unyago, wakiimba yale asiyotakiwa mwanamume kuyasikia. Fundi baiskeli wa kijiji cha jirani aliwahi kuyasikiliza kwa kujificha. Mpaka leo haongei.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima, lakini sikio likaomba ubeti mmoja, kisha mwingine.

Alipoinua macho, kungwi, bibi aliyemfunda mwari, amesimama mbele ya meza.

"Mbona unacheka peke yako, mjukuu wangu? Wimbo gani huo wa kutunyima?"

"Napima sauti tu, bibi."

Bibi akamvua hedifoni polepole, akaiweka sikioni mwake. Uso wake haukubadilika.

Akawageukia watu. "Wanaume wote, tokeni uani."

Yasini naye akanyanyuka.

"Wewe kaa," akasema bibi.