Picha Iliyotetemeka

Picha ilitetemeka tena.

Mtafiti alivitazama vidole vyake vilivyoshika usukani mdogo wa darubini. Kwa macho, vilikuwa vimetulia. Lakini sindano ya darubini ile, inayochora picha kwa kugusa, haidanganyiki. Ilikuwa ikipapasa utando uliotolewa ndani ya jani la mchicha, kuzitafuta protini zinazonasa mwanga wa jua zikiwa bado kwenye makao yake, na mtikisiko wowote wa meza ulitokea kwenye skrini kama mawimbi.

Baba yake alianza hivihivi, mikono kutetemeka. Kwanza aliomba chai nusu kikombe, na nyumba nzima ikamtania kwamba anabana sukari. Mwaka haukuisha, akawa analishwa kwa kijiko. Daktari alisema huenda ugonjwa ule ukarithiwa na watoto.

"Tulia, mwanangu," alisema Mwalimu, mkuu wa maabara aliyemfundisha kazi hii. Alikuwa nyuma yake, kiganja kimeegemea meza, kawaida yake ya siku hizi. Wengine walikatazwa hata kuigusa. Yeye nani angemkataza?

"Nimetulia, Mwalimu."

"Mbona picha inasema vingine?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Akaamua kusema.

"Mwalimu, nadhani mikono yangu inaumwa. Kama ya baba. Kazi hii mpe mwingine."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia," alisema Mwalimu kwa upole. "Usiogope, nitakutafutia kazi ya kuandika ripoti. Ngoja nikachukue chai, tuongee vizuri."

Akatoka. Mtafiti akabaki analia kimyakimya, vidole bado kwenye usukani, maana angeuachia ghafla sindano ingechana utando wote.

Alipofuta machozi, mawimbi hayakuwapo. Mistari ilikuja imenyooka, mmoja baada ya mwingine, na protini zikajitokeza zimepangana kama punje kwenye gunzi la hindi. Alisubiri zitetemeke. Hazikutetemeka.

Mlango ukafunguka.

"Haya, tuongee," alisema Mwalimu, akaegemea meza palepale pake. Protini zote zikaanza kucheza. Mkono wake wa pili ulishika kikombe cha chai, nusu.