Fundo la Kwao Mize

Katika mji ule kila ukoo ulikuwa na fundo lake la kuungia mshipi mwembamba na uzi mnene wa ndoana. Mwanamke akiolewa, huacha fundo la kwao akafunga la mumewe. Mize alilifunga la mumewe mpaka akafiwa. Lilikuwa fundo nene, na kila alipovuta samaki lilimpasua kidole palepale penye kovu.

Asubuhi ile alikaa gatini, akalikata. Akauzungusha mshipi juu ya uzi kama alivyofundishwa na mama yake, akaulowesha kwa mate, akakaza. Likatoka fundo dogo kama punje ya mchele.

"Shemeji, hilo si letu," alisema Makame, kaka wa marehemu, kisu mkononi. "Fundo geni hapa tunalikata."

"Najua."

"Basi funga la mumeo."

"Mume wangu nimemzika, shemeji. Kidole bado ninacho."

Akautupa mshipi. Haukukaa, ukakazika. Mize akavuta, na Makame akausogezea kisu. Fundo likatoka majini, likapita kidoleni bila kukwaruza. Chini yake samaki akaanza kuonekana, mweupe, mzito.

"Kata basi," alisema Mize, huku akivuta.