Wimbo wa Nne

Kila Ijumaa mchana, kila nyumba ilitakiwa kuitolea maoni albamu moja mbele ya spika ya ukutani. Wimbo uliokataliwa ulifutika vichwani mwa watu wote, isipokuwa kwa aliyeukataa.

Shaweji, mwenye sidii zilizojaa ukuta mzima, hakuwa na huruma.

"Wimbo wa nne gitaa linaburuta miguu," alisema, "na mwimbaji anaimba kama anasubiri chai. Futeni."

Jikoni, mkewe Mwanaidi, aliyekuwa akiuimba wimbo huohuo huku akichambua mchele, akanyamaza katikati ya ubeti. Hapo ndipo Shaweji alipokumbuka kwamba walikutana mara ya kwanza wakiucheza.

"Mama Zuhura?" akaita.

Mwanaidi akatokea na ungo mkononi, akamtazama kwa adabu.

"Karibu, mzee," akasema. "Unamtafuta nani?"